Yatokanayo

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Kalamu ya bluu, daftari la mistari mipana,
mkutano mkuu wa kijiji, Usenga, wilaya ya Kaliua.
Akidi imetimia, niliandika,
nikiwa nimehesabu na vichwa viwili vya mgongoni
kwa sababu tulikuwa tumepungua.

Mwenyekiti akafungua kwa dua na sala,
kisha akasoma taarifa ya boma la zahanati:
nguvu za wananchi, milioni sita na laki nne.
Sijui nani alilitia jasho bei.
Labda walipima zile ndoo
Kalunde Mayunga alizobeba kutoka lambo
akiwa na mimba ya miezi saba;
maji yakaingia udongoni, udongo ukawa tofali,
tofali zikapanda hadi usawa wa linta
zikakomea hapo
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Miaka minne.
Mbuzi wanalala wodi ya wazazi.

Na mwaka ule tumbaku ilikubali.
Mabani yalifuka moshi usiku kucha,
miombo ikaisha upande wote wa magharibi.
Kwenye mizani dola ilitajwa tajwa
na watu ambao hawajawahi kuishika.
Pembejeo ikakata chake, chama kikakata chake,
riba ikakata, halafu ikarudi tena ikakata.
Ushuru, tuliambiwa, anaulipa mnunuzi.
Lakini mnunuzi halimi.
Kilichobaki kilikwenda nyumbani kwa miguu.

Ndipo Kalunde akasimama,
mkono mmoja umemshika mtoto,
yule yule wa mimba ya tofali,
umri wake sawasawa na wa linta.
"Hesabu za ofisini sizijui," akasema,
"ila marobota nayajua. Yangu tisa.
Ya kijiji kizima yameandikwa kwa chaki ukutani ghalani,
elfu moja mia mbili na ushee.
Ushuru wake ungetuezekea mara ngapi?
Mlisema tukichagua vizuri bati zitakuja.
Tulichagua. Mpaka wagonjwa tuliwabeba kwa baiskeli.
Sasa naomba kuuliza:
kura ikishaingia sandukuni, hulimwa wapi?"

Kuna mtu alicheka. Hakucheka mara ya pili.

"Swali zuri," akasema mwenyekiti.
"Litapelekwa ngazi ya juu."

Kijiji chetu kina ngazi moja tu,
ya miti, ya mafundi,
imeegemea linta mpaka leo,
na juu yake hakuna kitu
isipokuwa mbingu ya Kaliua, bluu kama wino.

Nikaandika: *Wananchi waliridhia taarifa.*
Sentensi fupi, safi, ilienea mstari mmoja.
Nilikuwa nimeomba kazi ya utendaji.
Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na njaa.
Sababu ninazo nyingi, zote za kweli.

Robo mwaka ikapita.
Tukakaa tena, ajenda ya pili, yatokanayo,
na Kalunde hakuketi.
"Katibu, nisomee swali langu."

Nikafungua ukurasa.
Wananchi waliridhia.
Juu yake posho ya mgambo, chini yake saini yangu.
Watu wakasubiri. Yule mtoto akasubiri.
Mwenyekiti akanitazama
jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe barazani kwa jirani.

Nikasoma pasipoandikwa.
Neno kwa neno, ndoo kwa ndoo,
marobota tisa, chaki, wagonjwa, baiskeli,
macho yangu yakifuata mistari ambayo haikuwepo
hadi kwenye alama ya kuuliza.
Kisha nikashika kalamu nikaliandika,
na mkono ulitetemeka, waliokaa mbele waliona.
*Halijajibiwa*, nikaongeza. Tarehe.

Barua ya kazi haikuja.
Bati nazo hazijaja; tusidanganyane.
Ila kila robo mwaka tunaanzia pale,
kwenye neno lile lile,
na siku hizi akidi inatimia
bila vichwa vya mgongoni.