Dakika Tatu

Babu yangu, Kapteni Innes Rattray,
hakuitundika nishani yake ukutani.
Aliigandisha kwa nta juu ya timazi
ya saa kubwa ya sebuleni.
"Bila hiyo," alisema, "saa huchelewa."
Ndiyo maelezo yote niliyopata kwa miaka kumi na tisa.

Mji wa Brechin ulimjua kwa mengine:
mstaafu aliyepanda viazi kwa mistari iliyonyooka mno,
mwenye koti lile lile la sufu hata Julai,
aliyefika kanisani mapema akasimama nje,
mvua imlowanishe mpaka kengele ilie,
ndipo aingie.

Jumapili moja ya Novemba, mbele ya mnara wa majina,
Wull Esplin, mguu mmoja wa mbao,
aliniinamia na harufu yake ya wiski:
"Saa yake ilitangulia dakika tatu.
Tulitoka handakini saa kumi na moja kasoro tatu,
thelathini na wawili,
mizinga yetu wenyewe bado inalima pale mbele.
Alirudi kutuokota mara saba. Mimi ni wa tano.
Alinibeba kama gunia la shayiri,
akiniomba radhi njia nzima,
nikamwambia nyamaza, Kapteni, tunza pumzi.
Wa saba alikuwa maiti. Hakujua mpaka alipomlaza."

Kisha wakampa nishani.
Alijaribu kuikataa. Barua yake ilirudi na muhuri:
ushujaa haukatiwi rufaa.

Wahenga husema majuto ni mjukuu.
Basi ndiye mimi. Nimerithi nyumba,
shamba la viazi, ufunguo wa saa.
Watu wa makumbusho walikuja Machi na glovu nyeupe,
wakaibandua nishani, ikabaki alama ya nta,
wakaniandikia stakabadhi.

Tangu hapo saa inachelewa.
Fundi mmoja wa Montrose anasema
sarafu mbili za shaba zingetosha kuirekebisha.
Nimemkatalia.

Kila jioni inabaki nyuma kidogo,
nami nasimama jikoni, chai inapoa,
naisikiliza ikijikokota:
vijana thelathini na wawili wamo bado handakini,
huyu anafunga kamba za viatu,
yule anaomba kiberiti,
na mizinga, huko mbele,
inanyamaza kwanza.