Jana Umekula Nini?

Muuguzi wa Igombe hakuniuliza nina pepo gani.
Alinivuta kope ya chini, akatazama weupe wake,
akanichoma kidole, tone likapanda kwenye kimashine,
halafu, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Jana umekula nini?"

Nikacheka. Kicheko kikageuka katikati, kikawa machozi.

Jana? Chai ya rangi. Andazi moja, nusu nikampa Masalu.
Mchana nilianika dagaa, maturubai manne,
nikawageuza, nikawafukuzia kunguru,
na sikumtia hata mmoja mdomoni:
dagaa ni hela, hela ni kodi, kodi haina jirani.
Usiku wote walipokwisha kunawa
nilikwangua ukoko nikiwa nimesimama,
kama mpangaji katika jiko langu mwenyewe.

Tangu Holo azaliwe, miezi mitano,
naamka saa tisa za usiku
nasikiliza ziwa linavyopiga mawe
na kudhani linaniita, kwa jina langu la utotoni.
Hilo sikumwambia mtu.
Hilo nilimwambia muuguzi.

Hakushtuka. Akasogeza kiti.
Nikatoka na vidonge vya kuongeza damu
("si kwa chai, mama, chai inavinyang'anya kazi"),
na karatasi: majani ya kijani, samaki, kunde, limau,
na mlango wa pili kushoto, kila Alhamisi,
kwa Sista Leokadia, wa kuongea naye tu.

Wifi yangu Nyanzobe aliisoma karatasi, akapiga paja:
"Si chakula cha kwetu Magu hiki, kimevishwa koti jeupe!"
Jumatatu basi likashusha mfuko:
nsansa kavu, inanukia dari la mama,
michembe, unga wa mtama mwekundu,
karanga zilizofungwa kwenye kipande cha kanga.
Akaipika nsansa kwa karanga,
akakamua limau kwa sababu karatasi imesema,
akatupia konzi mbili za dagaa wangu.
Nikaruka: "Hao ni wa kuuza!"
"Kaa chini," akasema.
Nikakaa. Sikumbuki mara ya mwisho
nilipokula nikiwa nimekaa.

Sisemi kunde zinalipa deni,
wala mtama haujamrudisha baba Masalu kutoka visiwani.
Kuna asubuhi bado nafunga kanga vibaya
na kuifungua, na kuifunga, mpaka jua linapanda.
Ya Alhamisi nayasema Alhamisi.
Lakini taa isiyo na mafuta
waweza kuipigia kiberiti boksi zima,
na utambi ukauona ni mkaidi.
Utambi hauna kosa.

Leo mchuuzi wa Kirumba amekuja mapema,
amepima madebe yote, ameonyesha kwa kidole
kibakuli cha bluu nilichofunika kwa sahani.
"Na hicho bei gani?"
Hicho kina mwenyewe, nikamwambia.
Akatazama nyuma yangu, akimtafuta.