Soksi ya Pili

Mimi ni mtu wa hesabu, sijui kuandika programu.
Najua senti inapojificha,
najua stakabadhi inaposema uongo.
Basi Hilkka aliponiletea ombi lake,
euro elfu sitini za kuharakisha mitambo ya waandishi wa programu,
nilimuuliza swali langu la miaka ishirini:
Zitarudi lini?

Hakujibu. Alisema,
Taavetti, panda ghorofa ya nne, ukae nasi wiki moja.

Nikapanda na daftari. Oulu, Januari,
jua linaingia kazini saa nne na kutoka saa tisa
bila kuomba ruhusa.
Nikaona hivi: Hilkka anabadilisha mstari mmoja,
anabonyeza, na kompyuta inaanza kuusaga upya msimbo wote
kama mtu anayebomoa nyumba ili abadilishe kitasa.
Dakika thelathini na nane.
Hilkka anafungua droo, anatoa sindano na uzi wa sufu,
anafuma.

"Tangu Septemba nimemaliza jozi kumi na moja,"
alisema bila majivuno, kama anayetaja homa.

Jozi moja, saa kumi na sita. Nikazidisha:
mia moja sabini na sita.
Nikazidisha tena kwa watu ishirini na mmoja,
ambao wengi wao hawafumi:
Onerva hutazama maegesho ya magari,
Jalmari hunywa kahawa mpaka kikombe kinagongana na meno.
Saa elfu tatu, mia sita tisini na sita.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
daftari sasa ninalo, na habari ndiyo hii.

Lakini nilijua bodi itasema nini,
maana mimi mwenyewe ningesema hivyo:
mshahara ni uleule, mtu asubiri au asisubiri.
Saa iliyookolewa haipelekwi benki.

Basi nikaanza kuandika visivyo na safu.

Jumatano: Hilkka alikuwa na wazo. Akabonyeza, akafuma.
Mashine iliporudi, wazo lilikwisha kuondoka.
"Lilikuwa hapa," alisema, akigusa ukingo wa meza.

Barua ya Veikka ya kuacha kazi, maneno mawili:
Nimechoka kungoja.

Alhamisi, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
programu yetu ikazima joto
kwenye nyumba ya wazee kule Tuira.
Dawa yake ilikuwa mstari mmoja,
Onerva aliuandika kwa dakika mbili.
Thelathini na nane.
Jaribio fulani, lisilohusika kabisa, likagoma.
Thelathini na nane tena.
Simu niliipokea mimi, maana mikono yangu ndiyo iliyokuwa mitupu:
bibi mmoja, sauti ya upole,
alisema amejilaza na koti, na viatu pia,
akauliza kama itakuwa utovu wa adabu
fundi akija amkute na viatu kitandani.

Nikatafuta safu ya viatu vile.
Nikatafuta tena usiku, nyumbani.
Asubuhi nikatia sahihi.

Mwezi wa Mei kazi ileile inaisha kwa dakika nne.
Bodi ikaniita. Faida iko wapi, Kallunki?
Nilikuwa na jedwali. Nilikuwa na grafu inayopanda vizuri
ambayo hata mimi sikuiamini sana.
Nikatia mkono mfukoni, nikatoa soksi moja,
ya kijivu, mstari mwekundu shingoni, kisigino kimekaa sawasawa,
nikaiweka mezani kando ya chupa za maji.

Mwenyekiti akaigeuza kwa ncha ya kalamu.
"Na ya pili?"

"Ya pili haijafumwa," nikasema.
"Hilkka hana muda."

Hakuna aliyecheka.
Mmoja, mwishoni kabisa mwa meza,
aliandika kitu, akakipigia mstari.