Asali ya Mnazi, Kangagani

Kipupwe kimebakiza siku chache kufunga virago.
Asubuhi bado ina meno. Baba kavaa sweta
la marehemu mjomba, vifungo viwili havipo,
na ndani ya kigari cha shemeji anatoa amri:
"Tukifika, msimsifu. Nakwambieni mapema.
Mgema hasifiwi. Mnayajua yatokayo."

Watoto wanayajua, wamefundishwa shuleni.
Tunapita Ole. Karafuu zimeanikwa majamvini
kando ya lami, harufu yaingia bila hodi,
na mimi nakipapasa kidonge chake cha sukari
nilichokifunga kwenye pindo la leso.

Shaame Faki hatumkuti chini.
"Yuko kazini," asema mkewe, Bi Mchanga,
akionyesha mbinguni kwa mwiko.
Basi tunaamkia mnazi:
nyayo mbili, kotama ikining'inia,
na jibu la salamu linashuka vipande vipande
pamoja na vumbi la karara.

Anateremka kwa vidato alivyochonga babu yake.
Kibuyu kiunoni hakitikisiki.
Ndani, weupe wa maji yaliyooshea mchele,
nyuki watatu waliokufa na raha zao,
na chokaa kidogo, "lisije likapata akili.
Likingoja jua la utosi litaanza maneno yake,
na sisi hapa msikiti tunapakana nao."

Bandani karai liko mafigani tangu alfajiri.
Moshi wa makumbi unatuchagua mmoja mmoja, unatuliza.
Mize, binti yao, ana daftari lenye masizi:
debe moja huingia, chupa nne hutoka.
"Na lililobaki?" auliza Nassor wangu.
"Limekwenda juu."
Sote twatazama mvuke ukipenya makuti
kurudi ulikotoka.

Povu likifura, Bi Mchanga hutupa kipande cha nazi,
nalo hunyamaza kama darasa mwalimu akiingia.
Rangi inageuka: chai ya maziwa,
chai ya rangi,
kisha ule wekundu wa mgongo wa baba
zamani, alipovua shati kututekea maji.

"Mnazi wako una vidato vingapi?" amuuliza Shaame.
"Thelathini na viwili."
Baba anauambia moto:
"Wa baba yangu ulikuwa na arubaini na kimoja.
Siku ile alifika cha arubaini."

Hakuna aliyeuliza neno.
Mimi nilijua babu alikuwa mkulima.
Ndivyo tulivyoandika kwenye fomu zote.
Bi Mchanga aliendelea kukoroga,
ila aliubadilisha mkono.

Kisha upawa unazunguka, na muhogo wa kuchemsha,
mweupe, unatoa moshi, unachovywa, unadondosha.
"Tamu!" Nassor kapiga kelele,
kajiziba mdomo, kachelewa.
Shaame anavitazama vidole vyake vya miguu.
"Wala," asema. "Leo imeungua kidogo."

Na baba, akidhani namtazama mbuzi,
anapitisha kidole kwenye ukingo wa upawa.
Mara moja.
Nikaendelea kumtazama mbuzi.
Alikuwa mbuzi wa kawaida, mweusi, sikio moja limekatika.
Nilimtazama sana.

Jua linapoinama tunarudi, chupa sita miguuni
zikigongana kila penye shimo.
Ya saba kaipakata mwenyewe.
Mara anaipindua, kizibo chini,
anainyanyua kwenye mwanga wa dirisha:
ndani, kiputo kimoja cha hewa
kinaanza kupanda taratibu, kinapumzika,
kinapanda tena, kama mtu
mwenye kibuyu kiunoni.

Anakisindikiza kwa macho mpaka kinafika.
"Haina maji," asema.
Na kwa kuwa Kangagani imeshabaki nyuma
na mwenyewe hawezi kusikia,
akaanza kumsifu, kwa jina lake na la baba yake,
asinyamaze mpaka Chake.