Kabla ya Esi, Baada ya Esi

Naandika mabango Tororo, upande wa barabara ya Malaba,
pale vumbi la saruji linapotua kwenye rangi kabla haijakauka.
Miaka kumi na tisa niliitia ile alama ndogo
kama mpishi anavyotia chumvi: kwa kukisia.
Neno la Kiingereza likiishia kwa esi, nadondosha.
Kwa muuza viazi nilidondosha,
kwa chapati, kwa matairi, kwa soda baridi,
na mara moja, Mungu anisamehe, kwenye bango la kanisa,
malaika wakawa na alama mgongoni.
Nani angelalamika? Ilipendeza,
kama kipini puani.

Halafu mzee Oketcho akafa, akawaachia binti zake kinu cha mahindi:
Nyapendi mkubwa, na mapacha Apio na Adongo.
Walitaka bango la Kiingereza, ili malori ya Mbale
yakiliona yapunguze mwendo.
Nikaandika SISTER'S MILL kwa buluu, kivuli chekundu,
alama nikaitupa kabla ya esi
kwa sababu hapo ndipo brashi ilipokuwa bado na rangi.

Mwaka haukuisha. Nyapendi akashika funguo, akashika daftari,
na kwenye kikao cha ukoo mumewe akanyoosha kidole juu:
"Someni wenyewe. Bango linasema dada mmoja."
Kicheko kilianza, kikakosa wa kukimalizia.
Adongo akanijia na unga bado kwenye kope.
"Fundi, uliandika nini?"
Nimeandika mji mzima,
na sikujua nilichoandika.

Tulimwendea Madamu Nyafwono, aliyestaafu ualimu
lakini chaki haijastaafu mkobani mwake.
Akapiga magoti, akachora sakafuni:
"Ikitangulia esi, mwenye mali mmoja.
Ikiifuata esi, wenye mali wengi.
Na chapati, fundi, chapati hazimiliki kitu.
Ziondolee."
Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku nilikifikiria Kiswahili changu,
kile nilichokinyonya kambini, baba akiwa koplo.
Kinu cha dada: ni mmoja? ni kumi?
Neno limefumba mdomo mpaka uliongezee jingine.
Lakini ritifaa tunayo, tusijifanye.
Mwondolee ng'ombe uone kama atalia.
Hata kunyang'anya, kitendo chenyewe,
hakukamiliki bila kialama kile
kinachoning'inia hewani kama kimesahauliwa.

Alfajiri niliegemeza ngazi.
Wembe, petroli, kitambaa. Apio alinishikia chini.
Ndani mashine ilinguruma; Nyapendi hakuizima.
Niliikwangua ya zamani, nikaweka mpya ng'ambo ya esi.
Upana wa kidole gumba, basi.
Nimewahi kupaka ghorofa nzima
kwa jasho dogo kuliko lile.

Nyapendi akatoka, mweupe unga mpaka nyusi,
akatazama juu kwa muda mrefu.
"Ni hicho tu?"
"Ni hicho tu."
Akarudi ndani. Funguo zilikuwa bado kiunoni mwake.
Funguo hazisogezwi kwa brashi.

Ila jua la saa kumi likilipiga bango ubavuni
kovu la ile ya kwanza huonekana,
esi imesimama katikati, kama shahidi
aliyeitwa na pande zote mbili.
Wateja sasa wanaligombania: wengine husoma mmoja,
wengine watatu, wengi wanasoma bei ya kilo.

Na mimi natembea mjini na wembe mfukoni,
nikifuta usiku nilichokiuza mchana.
Malaika nimewasafisha. Viazi vimetulia.
Muuza chapati peke yake amesimama mlangoni, mikono kiunoni:
"Usiiguse hiyo.
Ulinihesabia kila kilichoandikwa pale,
na hicho nilikilipia."