Nta

Selika ya Mihayo haina kosa ikikimbia.
Barabara ya Sikonge, lami tupu, mshale ukivuka mia,
inanguruma kwa sauti moja kama kitenge kinachochanwa.
Ni hapa mjini inapoumbuka:
kona ya Kanyenye, gia ya pili, mguu mwepesi juu ya mafuta,
inashtuka, inasita, inameza mate
kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake mbele za watu.
Waendesha baiskeli wanaipita.
Mmoja aligeuka akasema, "Shuka, nikupakie."

Wiki ya kwanza nilimwambia plagi.
Nikabadilisha nne. Akalipa.
Wiki ya pili nikasema koili, nikasema pampu,
nikasema mafuta ya kituo kile yana maji.
Mara ya tatu hakuuliza bei,
aliitazama tu mikono yangu,
nami nikaifuta kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe.

Jambo moja lilininyima usingizi:
asubuhi gari halina neno.
Julai, Cheyo ina baridi ya kukunja vidole,
linatoka uani taratibu, laini,
kama limetumwa chumvi kwa jirani.
Saa saba, jua likishashika bati,
ndipo linapoanza kugugumia.
Ugonjwa gani huu unaongoja mchana?

Jumanne sikushika spana.
Nilikata kipande cha mpira wa maji,
ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya injini.
Nozeli zinagongagonga kama visigino sakafuni,
beringi ya altaneta inalalama kidogo,
na kule nyuma, chini ya troto, sss,
kisha feni ikawaka, ikafunika.

Nikazima. Nikamwita Kapaya, mlinzi wa ghala la tumbaku,
ambaye sigara haimtoki mdomoni hata akisalimia.
"Puliza humu, kwenye paipu ya hewa."
"Mwaka huu," alisema, "nimefika kuvutisha gari sigara."
Akapuliza. Akapuliza tena, mashavu kama anakoka kuni mbichi.
Moshi ukaingia gizani, ukapotea,
halafu uzi mwembamba, wa buluu, ukachomoza
kwenye kimpira kisichozidi kidole cha mtoto.

Hewa ya wizi.
Injini ikikimbia inakunywa pipa;
nani atakumbuka kikombe?
Ikienda polepole inakunywa kwa kikombe,
na mwizi wa kikombe hapo kaiba kisima.

Nikakichomoa. Kilikuwa na ufa,
na juu ya ufa kitu cha njano, kimelainika,
kina alama ya dole gumba.
Nikanusa: miyombo, moshi wa kurina.
Mihayo akacheka kwanza, halafu hakucheka.
"Mama," akasema. "Mwaka jana, tunatoka Tutuo na ndoo za asali,
likatuzimikia porini. Alikwangua nta akaipachika.
Aliniambia itatufikisha. Hakusema itadumu.
Nikasahau."

Asubuhi inaganda, inaziba. Mchana inalegea, inaachia.
Ni hayo tu.

Mpira mpya, shilingi elfu tatu.
Plagi zake za zamani, nzima zote, nilimrudishia kwenye kopo la maziwa,
na pesa, si zote;
zilizobaki nimeziandika daftarini kwa jina langu,
ukurasa ule ule wa wanaodaiwa.
Nta aliifunga kwenye karatasi. Sikumuuliza ya nini.

Jioni tukalijaribu hadi relini.
Geti limeshuka, behewa za Kigoma zinapita moja moja.
Tukangoja, klachi chini, injini ikihema sawasawa.
Geti likapanda. Akaachia mguu, taratibu,
likavuka reli ya kwanza, likavuka ya pili.
"Umesikia?" akasema. Hakuna kilichosikika.
Mimi shingo nilikuwa bado nimeikaza,
nikilingoja lisite.