Picha Kumi na Mbili kwa Sekunde

Nimekaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto,
magoti yangu yanakaribia kidevu,
fomu ya tathmini juu ya paja:
Vifaa, kumi. Sauti, tano. Muda, tano.
Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri
na moshi wa makaa umesimama wima juu ya Arvaikheer
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mbele yuko Solongo, mwanachuo wangu wa mwaka wa tatu,
aliyenibishia muhula mzima.
Nilisema slaidi ni chumvi.
Akaleta arobaini na tatu za mzunguko wa maji:
mshale unaruka, wingu linapiga makofi,
tone la mvua lina macho na kope.
Toa moja, nikamwambia. Akatoa.
Toa nyingine. Akatoa, kanuna.
Tulitoa mpaka saa ya kufunga mabweni,
mpaka likabaki tone moja, halina macho,
linaning'inia kwenye ncha ya bomba,
na sote wawili tukajikuta tunalingoja lianguke.
"Basi," nikasema, "hapo."
Hakunijibu.

Leo hana slaidi hata moja.
Ana simu yenye ufa, kaifunga kwa mpira juu ya rundo la vitabu,
jicho lake linatazama meza,
na mfuko wa vifundo vya miguu ya kondoo,
vile vinavyochezewa kila nyumba huku:
upande huu farasi, huu ngamia,
huu kondoo, huu mbuzi.
"Sogeza unene wa ukucha," anawaambia watoto.
"Toa mkono. Piga. Sogeza tena.
Picha moja ni mnato. Kumi na mbili zinapumua."

Mkono wa mtu umeingia kwenye picha ya tisa.
Wanacheka, wanaanza upya.
Waya wa projekta umelegea; Dulmaa, mwenye mikia miwili ya nywele,
anaushikilia kwa kidole gumba, hapepesi macho.
Vifaa, naandika, na kuacha.

Kisha Bilguudei wa bwenini,
ambaye mwalimu wao alinionya mlangoni
kwamba tangu shule ifunguliwe hajatoa neno,
anainuka bila kuitwa,
anawapisha wenzake kwa bega.
Anapanga vifundo ishirini, vyote kondoo.
Anachukua kifutio cha ubao, anakikung'uta juu yake.
Vumbi jeupe. Piga.
Analaza kimoja ubavu. Piga.
Anakung'uta. Analaza viwili.
Hakuna anayecheka sasa.
Kila mtu humu anaijua zud,
baridi ile inayoziba kinywa cha nyasi kwa barafu
mifugo ikafa imesimama.
Kimebaki kimoja. Anakigeuza: farasi.
Anakisogeza, unene wa ukucha, unene wa ukucha,
hadi ukingoni, hadi nje ya picha.
Halafu anaipiga meza tupu, mara nne, mara tano.

Solongo anabonyeza.
Ukutani, kwa sekunde chache,
kundi lipo, kundi halipo.
Farasi anaondoka. Theluji inabaki, inatetemeka kidogo
kwa sababu ya kidole cha Dulmaa.

"Tena," anasema Bilguudei.
Sauti nzito, ya mafua.
Tunaitazama tena. Na tena.
Namwona Solongo anafungua mdomo
kuuliza lile swali nililomfundisha mimi mwenyewe,
hadithi hii inatufunza nini,
kisha anaufunga.

Amepitiliza dakika nane.
Kwenye ngazi ananiuliza, hanitazami:
"Nimefeli?"
"Ile theluji uliipanga?"
"Hapana. Ilikuwa ya ubao."

Wino umeganda, naipulizia kalamu mpaka inakubali.
Muda: sifuri.
Pale pa vifaa naandika: chaki.